Dawa za Magonjwa ya Akili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu aliyeandikiwa dawa ya ugonjwa wa akili kwa mara ya kwanza, kwa yule anayeitumia kwa miaka bila kuelezwa vya kutosha, na kwa ndugu wanaomuuguza. Hayachukui nafasi ya daktari anayekufahamu na kulijua faili lako. Msimamo unaoyaongoza ni mmoja: anayemeza dawa ana haki ya kujua inafanya nini mwilini mwake, na maudhi, yaani athari zisizotakiwa za dawa, yanayosemwa mapema mara nyingi hupata ufumbuzi, ilhali yale yanayofichwa humfanya mgonjwa aache dawa kimyakimya, na hapo ndipo wengi huumia.

Dawa za magonjwa ya akili ni zipi, na hutibu nini?

Kwa kawaida hugawanywa katika makundi matano. Dawa za saikosisi (hali ya akili kupoteza mguso na uhalisia), kama haloperidoli, klopromazini, risperidoni na olanzapini, hupunguza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, imani zisizo na msingi ambazo mgonjwa hashawishiki kuziacha, na fikra zilizovurugika. Hutumika kwa wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta dalili hizo, na pia katika mania, yaani kile kipindi ambacho mtu huchangamka kupita kiasi, hapati usingizi wala hachoki. Dawa za sonona, kama fluoksetini, sertralini na amitriptilini, hutibu sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na nyingi kati yake hutibu pia hofu ya kupindukia na mawazo yanayojirudiarudia bila mtu kuweza kuyazuia. Dawa za kuimarisha hisia, ambazo zinajumuisha lithiamu, valproeti, kabamazepini na lamotrijini, huwasaidia wenye ugonjwa wa bipola, ambao hali yao hupanda hadi mania na kushuka hadi sonona. Benzodiazepini, kama diazepamu na lorazepamu, hutuliza wasiwasi na kuleta usingizi kwa haraka. Kundi la mwisho ni la dawa za kuongeza umakini, kama methilfenideti, kwa watoto na watu wazima wasioweza kutulia na kuzingatia jambo moja.

Jina la kundi lisikutishe. Amitriptilini kwa kiwango kidogo hutibu maumivu ya neva na kipandauso, valproeti hutibu kifafa, na olanzapini hupewa hata wagonjwa wa bipola wasio na saikosisi. Kwa hiyo swali la kuuliza unapopokea dawa si kwamba ni ya kundi gani, bali umeandikiwa kwa sababu gani.

Zinafanyaje kazi ndani ya ubongo?

Chembe za ubongo huwasiliana kwa kemikali, na dawa nyingi za akili huongeza au hupunguza nguvu ya kemikali hizo. Dawa za saikosisi huzuia dopamini isishike mahali pake. Dawa nyingi za sonona huifanya serotonini ikae muda mrefu zaidi kati ya chembe. Benzodiazepini huongeza nguvu ya kemikali inayopunguza msisimko wa ubongo.

Hata hivyo, ile kauli kwamba sonona ni upungufu wa serotonini na kidonge huja kujaza pengo ni rahisi kuliko ukweli wenyewe. Fluoksetini huanza kugusa serotonini ndani ya saa chache, lakini moyo wa mgonjwa huchukua wiki kadhaa kuchangamka, jambo linaloonyesha kwamba kuna mabadiliko mengine ya polepole yanayofuata. Tunajua kuwa dawa hizi husaidia kwa sababu zimejaribiwa kwa wagonjwa wengi, zaidi ya tunavyojua kwa nini husaidia. Historia yake ni hivyo hivyo. Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alieleza jinsi lithiamu ilivyowatuliza wagonjwa wa mania. Mwaka 1952 klopromazini, ambayo ilikuwa imetafutwa kwa ajili ya wagonjwa wa upasuaji, ilianza kutumika katika wodi ya akili jijini Paris. Na mwaka 1957 Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza kuwa imipramini, aliyokuwa ameijaribu kwa wenye skizofrenia bila mafanikio, iliwainua wenye sonona.

Nitaanza kupata nafuu baada ya muda gani?

Inategemea dawa. Diazepamu hutuliza ndani ya saa moja au chini ya hapo. Dawa za saikosisi hupunguza fadhaa katika siku za mwanzo, ila sauti na imani potofu huondoka taratibu kwa wiki kadhaa. Dawa za sonona huweza kuonyesha dalili njema katika wiki 2 za mwanzo, na nafuu ya kutosha huonekana kati ya wiki ya 4 na ya 8.

Ugumu wa dawa za sonona ni kwamba maudhi hutangulia na nafuu huja baadaye. Mgonjwa anameza kidonge, siku ya tatu ana kichefuchefu, hali chakula vizuri, usingizi umepungua, na huzuni iko pale pale. Asipoambiwa mapema kwamba mambo yanaweza kuanza hivyo, ataamini kuwa dawa imemkataa, ataacha, kisha atasema kwa dhati kwamba alijaribu dawa na haikumsaidia. Ikiwa umetumia kiwango kinachofaa kwa wiki 4 hadi 6 bila mabadiliko yoyote, hapo ni haki yako kumwuliza daktari kuhusu kuongeza kiwango au kubadili dawa.

Ni maudhi gani ya kawaida ninayoweza kuyatarajia?

Hakuna anayepata yote, na wapo wasiopata lolote. Sertralini na fluoksetini huleta kichefuchefu, kuharisha, kuumwa kichwa na kutotulia, ambavyo kwa watu wengi hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Yapo yasiyopungua kwa urahisi, hasa kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa na kuchelewa au kushindwa kufika kileleni. Wagonjwa wengi huona haya kulitaja na watoa huduma wengi hawaliulizi, kwa hiyo hubaki chumbani likiharibu ndoa, wakati daktari angeweza kupunguza kiwango au kubadili dawa. Litaje. Daktari anayeandika dawa hizi hulisikia kila siku.

Amitriptilini na nduguze hukausha mdomo, hufunga choo, huleta usingizi na kizunguzungu unaposimama ghafla. Ikimezwa nyingi kwa mara moja huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua, ndiyo sababu mtu mwenye mawazo ya kujiua hapaswi kukabidhiwa akiba ya miezi kadhaa.

Katika dawa za saikosisi, zile za zamani kama haloperidoli husumbua zaidi misuli na mwendo: mikono hutetemeka, uso hukosa uchangamfu, hatua huwa fupi. Miguu pia inaweza kukosa utulivu kiasi kwamba mtu hawezi kukaa wala kusimama mahali pamoja. Hali hii ya mwisho huchanganywa mara nyingi na fadhaa ya ugonjwa wenyewe, dawa ikaongezwa, na mateso yakazidi. Mgonjwa akisema kuwa akili yake imetulia ila miguu inamlazimisha kutembea, asikilizwe. Olanzapini na klozapini hazisumbui sana misuli, lakini huongeza hamu ya kula, uzito, na hatari ya kisukari na mafuta mengi katika damu. Risperidoni inaweza kupandisha homoni ya maziwa, hedhi ikakatika, au matiti yakatoa maziwa kwa mwanamke asiyenyonyesha na hata kuvimba kwa mwanamume. Inafaa uzito, shinikizo la damu na sukari vipimwe kabla ya kuanza, kisha mara kwa mara.

Matumizi ya muda mrefu ya dawa za saikosisi yanaweza pia kuleta mjongeo usio wa hiari, kama kutafunatafuna, kulamba midomo au kuchezesha ulimi. Mwonye ndugu yako akuambie akiuona, kwa kuwa mwenyewe unaweza usiutambue, na ukigunduliwa mapema kuna nafasi kubwa zaidi ya kuudhibiti.

Ndugu yetu alichomwa sindano, kesho yake shingo ikapinda na macho yakageuka juu. Je, ugonjwa umezidi?

Hapana. Hii ni athari inayojulikana ya dawa kama haloperidoli, na huwapata zaidi vijana wa kiume katika siku za mwanzo za matibabu. Misuli hujikaza yenyewe: shingo huvutwa upande mmoja, taya hufunga au ulimi hutoka nje, macho hupanda juu na kuganda huko, huku mgonjwa akiwa na fahamu zake zote na akiona kila mtu alivyotaharuki. Inatisha na inauma. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, mkiwa na jina la dawa aliyopewa. Sindano ya biperideni au promethazini hulegeza misuli, mara nyingi ndani ya nusu saa, na mtu anayemwangalia huona shingo ikirudi mahali pake. Ikiwa koo limebana na anapata shida kupumua, msisubiri hata kidogo.

Baada ya hapo daktari anaweza kupunguza kiwango, kubadili dawa, au kumwongezea vidonge vya benzheksoli kwa muda. Familia isimwambie mgonjwa kwamba alikuwa akijifanya. Wengi hukataa matibabu kwa miaka kwa sababu ya siku moja kama hiyo ambayo hakuna aliyewaeleza.

Ni dalili zipi zinazonihitaji kwenda hospitali bila kuchelewa?

Ukiwa unatumia dawa ya saikosisi, homa kali inayoambatana na misuli kukakamaa, jasho jingi na kuchanganyikiwa ni dharura inayoweza kuua. Ukiwa unatumia dawa ya sonona, hasa ikiwa umeongezewa dawa nyingine kama tramadoli ya maumivu, kutetemeka, kuharisha, jasho, joto la mwili kupanda na misuli kurukaruka ni dharura pia. Vipele vinavyotokea wakati wa lamotrijini au kabamazepini, hasa pamoja na homa na vidonda mdomoni au machoni, visisubiri tarehe ya kliniki. Ndiyo maana lamotrijini huanzishwa kwa kiwango kidogo sana na kupandishwa kwa wiki nyingi, na ni kosa kuiharakisha. Kuzimia, degedege, na mawazo ya kujiua yanayozidi nguvu yako ni katika orodha hiyo hiyo.

Kwa nini anayetumia lithiamu hupimwa damu mara kwa mara?

Kwa sababu kiwango kinachotibu na kile kinachodhuru vinakaribiana mno. Madaktari wengi hulenga kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita moja ya damu, na kuanzia takribani 1.5 sumu huanza kujionyesha, ingawa wazee wanaweza kuathirika chini ya hapo. Damu hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ukimeza kidonge asubuhi kisha ukapimwa saa mbili baadaye, jibu litaonekana kubwa na litampotosha daktari. Figo na tezi ya shingo hupimwa pia, kwa kawaida kila baada ya miezi 6, maana lithiamu huweza kuzidhoofisha kwa miaka.

Hatari hujitokeza katika mambo yanayoonekana madogo. Chukulia mgonjwa aliyetulia vizuri kwa miaka, apatwe na kuharisha na kutapika, akose maji mwilini, na kwa kuwa mgongo unamuuma anunue ibuprofeni. Figo zake sasa zinabakiza lithiamu badala ya kuitoa. Baada ya siku chache mikono inatetemeka hadi kikombe kinamwagika, ulimi unakuwa mzito, anayumba akitembea. Anayemwona anaweza kudhani amelewa. Huyo anahitaji kupimwa damu siku hiyo hiyo na lithiamu isimamishwe kwa maelekezo ya daktari. Ibuprofeni, diklofenaki, baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kuongeza mkojo zote hupandisha lithiamu. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ni salama zaidi kwake. Asipunguze chumvi ghafla, na anywe maji ya kutosha.

Ninaandika haya kwa urefu kwa sababu lithiamu ni dawa nzuri mno kupotezwa kwa uzembe: ni miongoni mwa dawa chache zenye ushahidi kwamba hupunguza vifo vya kujiua.

Na klozapini?

Hutolewa pale ambapo dawa mbili nyingine za saikosisi zimeshindwa, na huwasaidia baadhi ya wagonjwa ambao hawakusaidiwa na chochote. Inaweza kushusha chembe nyeupe za damu hadi mwili ukashindwa kupigana na maambukizi. Vifo vilivyotokea Finland mwaka 1975 kwa sababu hiyo viliifanya iondolewe sokoni katika nchi kadhaa kabla ya kurudishwa kwa masharti ya kupima damu, mara nyingi kila wiki katika miezi ya mwanzo. Homa au maumivu ya koo kwa anayeitumia ni sababu ya kupima damu leo. Kufunga choo nako kusidharauliwe, kwani klozapini inaweza kuziba utumbo kabisa.

Je, nitakuwa mraibu wa dawa hizi?

Jibu hutofautiana kwa kundi. Benzodiazepini zinaweza kuleta utegemezi wa kweli: mwili huzizoea, kiwango cha jana hakitoshi leo, na mtu hupata hamu ya kuzitafuta. Ndiyo maana inashauriwa zitumike kwa muda mfupi, kwa kawaida wiki 2 hadi 4. Aliyezitumia kwa miezi asizikate ghafla, kwa sababu anaweza kupata degedege; zinapunguzwa kidogo kidogo, wakati mwingine kwa miezi mingi, chini ya usimamizi. Dawa za kuongeza umakini nazo zinaweza kutumiwa vibaya, hivyo hutunzwa kwa uangalifu.

Dawa za sonona na za saikosisi hazimfanyi mtu azitamani wala kuongeza dozi kwa siri. Lakini si kweli kwamba kuziacha hakuna matokeo. Ukikata ghafla dawa ya sonona unaweza kupata kizunguzungu, hasira za haraka, ndoto kali na hisia kama mshituko mdogo wa umeme kichwani. Kwa baadhi ya watu hali hiyo huisha baada ya wiki moja au mbili, na kwa wengine huchukua muda mrefu zaidi, hasa waliotumia dawa kwa miaka. Mara nyingi huchukuliwa kuwa ugonjwa umerudi. Njia ya kutofautisha ni muda: matokeo ya kukata dawa huanza ndani ya siku chache, ilhali ugonjwa kwa kawaida hurudi baada ya wiki au miezi.

Nikijiona nimepona, naweza kuacha?

Unaweza kuzungumzia kuacha, na daktari mwema hatakasirika. Kwa sonona, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulishauri kuendelea kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kwisha. Baada ya saikosisi ya mara ya kwanza, angalau miezi 12. Waliougua mara nyingi, na wengi wenye bipola, huhitaji dawa kwa muda mrefu zaidi. Ukikubaliana na daktari kuacha, punguzeni polepole, chagueni wakati usio na misukosuko, na mteue mtu wa karibu atakayeona dalili za mwanzo, kama kukosa usingizi, kabla wewe hujaziona.

Ni kweli kwamba dawa za sonona huwafanya vijana wafikirie kujiua?

Ni swali zito na linastahili jibu la wazi. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kwenye dawa hizi baada ya kuchambua majaribio ya watoto na vijana wadogo, ambamo mawazo au vitendo vya kujiua vilionekana kwa takribani asilimia 4 ya waliopewa dawa na asilimia 2 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hakuna aliyekufa kwa kujiua katika majaribio hayo. Mwaka 2007 onyo lilipanuliwa hadi umri wa miaka 24. Juu ya hapo hatari haikuonekana kuongezeka.

Sonona isiyotibiwa nayo huua vijana. Kinachofaa ni ukaribu wa pekee katika wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa: mzazi au mlezi amwulize kijana moja kwa moja kama anawaza kujidhuru, vidonge vifungiwe, na miadi ya kliniki iwe ya karibu. Kumwuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Aidha, kijana au mtu mzima anayeanza kuongea kasi, kutolala na kutumia fedha ovyo baada ya kuanza dawa ya sonona apelekwe kwa daktari haraka, kwani huenda ana bipola ambayo haikutambuliwa.

Vipi kuhusu mimba na kunyonyesha?

Valproeti haifai kwa mwanamke anayeweza kushika mimba isipokuwa njia nyingine zote zimeshindwa na anatumia uzazi wa mpango wa uhakika. Takribani mtoto 1 kati ya 10 waliokuwa tumboni wakati mama anaitumia huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Kabamazepini nayo ina hatari, na zaidi ya hapo hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, jambo ambalo wanawake wengi hawaambiwi.

Dawa nyingine nyingi zinaweza kuendelea baada ya kupima faida na hasara. Sertralini, kwa mfano, hutumika sana kwa mama anayenyonyesha. Ukigundua una mimba, usikate dawa mwenyewe usiku huo huo. Wahi kliniki.

Je, naweza kunywa pombe, kuvuta sigara au kutumia dawa nyingine?

Pombe pamoja na benzodiazepini, au benzodiazepini pamoja na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, inaweza kusimamisha pumzi. Pombe pia huchochea sonona unayoitibu. Kuhusu sigara kuna jambo lisilotarajiwa: moshi wa tumbaku huliharakisha ini kuvunja klozapini na olanzapini, hivyo anayeacha sigara ghafla, hata kwa kulazwa tu, anaweza kujikuta kiwango cha dawa kimepanda mwilini. Kuacha sigara ni jambo jema. Mwambie tu daktari arekebishe dozi. Kabamazepini hudhoofisha dawa nyingi, zikiwemo baadhi ya dawa za VVU. Dawa za mitishamba nazo zitajwe, bila kuogopa kukemewa.

Mzazi wetu mzee ana ugonjwa wa kusahau na anapewa dawa ya saikosisi ili atulie. Ni salama?

Iwe njia ya mwisho, kwa kiwango kidogo na muda mfupi. Dawa hizi huongeza vifo kwa wazee wenye dimenshia, na onyo hilo lilitolewa rasmi nchini Marekani mwaka 2005. Kwanza atafutwe kinachomsumbua: maumivu, kiu, choo kilichofunga, au maambukizi ya njia ya mkojo.

Nikisahau dozi nifanye nini?

Kwa dawa nyingi, ukikumbuka siku hiyo hiyo meza, na ukikumbuka karibu na muda wa dozi inayofuata, ruka iliyopita. Usimeze mbili kwa pamoja kufidia, hasa lithiamu. Aliyekosa klozapini kwa zaidi ya saa 48 asirudi kwenye kiwango chake cha kawaida, kwa kuwa shinikizo la damu linaweza kuporomoka. Huanzishwa upya kutoka chini. Aliyekosa lamotrijini kwa zaidi ya siku 5 naye huanza upya taratibu. Anayetumia sindano ya kila wiki 2 au 4 akipitiwa na tarehe, aende siku yoyote inayofuata bila kusubiri miadi nyingine, na mapokezi aseme tu kwamba amekuja kuchoma sindano iliyompita.